Acheni chumba kimoja wazi

Mwaka 2002, hospitali ya St. John's katika mji wa Springfield, jimbo la Missouri nchini Marekani, ilikuwa na vyumba 32 vya upasuaji na vyote vilikuwa vimejaa. Kwa mwaka mmoja zilifanyika humo operesheni zaidi ya 30,000. Dharura zilikuwa kama sehemu moja ya tano ya kazi yote, na kila ilipoingia dharura, mgonjwa aliyepangiwa tarehe yake zamani aliondolewa kwenye orodha na kuambiwa asubiri. Madaktari walikaa saa kadhaa wakingoja nafasi ya kufanya kazi ya saa mbili. Wengine walishika kisu saa nane za usiku. Wauguzi walibakizwa baada ya zamu zao kwisha. Hospitali ilipotafuta ushauri, jibu lililokuja liliwashangaza madaktari wake wengi: tengeni chumba kimoja, msikipangie mgonjwa yeyote, kiwe cha dharura peke yake.

Ni rahisi kuelewa kwa nini walishangaa. Watu wamebanwa hadi hawana pa kugeukia, halafu unawaambia wapunguze hata kile kidogo walicho nacho. Lakini walikubali kujaribu. Idadi ya operesheni ikapanda kwa asilimia 5.1, zile zilizofanyika baada ya saa tisa alasiri zikapungua kwa asilimia 45, na mapato yakaongezeka. Vyumba vilikuwa vilevile 32, na hakuna kilichojengwa.

Nimelisimulia tukio hili mara nyingi kwa watu wanaofanya kazi katika hospitali zetu, na jibu ninalolipata halibadiliki sana: hao ni Wamarekani, wana vyumba 32, sisi tuna viwili na kimoja taa yake imeungua. Jibu hilo lina ukweli ndani yake na nitalirudia. Ila naamini hesabu iliyoiokoa Springfield inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu wao, na kwamba kuendelea kuipuuza kunawagharimu wagonjwa wetu siku, viungo, na mara nyingine uhai.

Hesabu yenyewe ina zaidi ya miaka mia moja na haikuzaliwa hospitalini. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark, aliajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen wakati ambapo kila simu iliunganishwa kwa mkono. Swali la kampuni lilikuwa la fedha: laini ngapi zinatosha ili mteja asikute zote zimeshikwa, na bila kampuni kupoteza fedha kwa laini zisizotumika? Mwaka 1909 Erlang alionyesha kwamba simu za watu wengi, ambao kila mmoja anapiga kwa wakati wake bila kushauriana na mwenzake, hufuata utaratibu unaoweza kuandikwa kwa hesabu. Mwaka 1917 akatoa kanuni za kukokotoa uwezekano wa kukuta laini zote zimejaa na muda ambao mtu atasubiri. Hapo ndipo ilipoanza nadharia ya foleni. Leo inatumika kupanga madirisha ya benki, kompyuta zinazobeba intaneti, bandari na viwanja vya ndege.

Fundisho lake kubwa linaweza kuonyeshwa kwa chumba kimoja cha upasuaji. Tuseme operesheni huchukua saa mbili kwa wastani. Hii dakika arobaini, ile saa tano. Wagonjwa wanaingia wakati wowote, mchana na usiku, kama ilivyo kwa ajali na uchungu wa uzazi. Chumba kikiwa na kazi nusu ya muda wote, mgonjwa atasubiri wastani wa saa mbili kabla ya kuingizwa. Kikiwa na kazi asilimia 80 ya muda, atasubiri saa 8. Kwa asilimia 90, saa 18. Kwa asilimia 95, saa 38. Kwa asilimia 99, muda wa kusubiri unapita siku nane.

Tazama hatua ya kutoka 90 hadi 95. Kazi iliyoongezeka ni ndogo mno, lakini muda wa kusubiri umezidi maradufu. Sababu ni kwamba chumba kilichojaa hakina nafasi ya kufidia kilichopotea. Operesheni moja ikichelewa kwa muda wa saa moja asubuhi, ucheleweshaji huo unarithiwa na mgonjwa wa pili, wa tatu na wa nne, kwa kuwa hakuna pengo la kuumeza. Kwenye chumba chenye nafasi, saa moja iliyopotea asubuhi imesahaulika ifikapo mchana.

Kiongozi anayejivunia kwamba vyumba vyake vya upasuaji havipumziki anajivunia kitu ambacho kwa hesabu hii ni chanzo cha foleni yake. Ripoti nyingi za hospitali hupima ujazo: vitanda vimejaa kiasi gani, vyumba vimetumika kiasi gani, operesheni ngapi kwa mwezi. Ni nadra kukuta ukurasa unaosema mgonjwa aliyevunjika mfupa wa paja alikaa siku ngapi mguu wake ukivutwa kwa uzito ulioning'inia mwisho wa kitanda kabla ya kuwekewa chuma. Ujazo unaonekana kama bidii. Siku za yule mwenye paja hazina safu yake kwenye jedwali, na kila siku anayolala pale anazidi kukaribia vidonda vya mgongo, damu kuganda miguuni, na mfupa kuanza kujiunga vibaya.

Sasa turudi kwenye lile jibu la kwamba sisi si Springfield. Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ukiwafuatilia wagonjwa 11,422 waliofanyiwa upasuaji. Zaidi ya nusu ya upasuaji huo, asilimia 57, haukuwa wa kupangiwa tarehe. Ulikuwa wa haraka au wa dharura. Theluthi moja ya upasuaji wote ulikuwa wa kujifungua. Wagonjwa walikuwa vijana na wenye afya nzuri kuliko wagonjwa wa upasuaji wa nchi tajiri, na hata hivyo walikufa kwa kiwango kinachofikia mara mbili ya wastani wa dunia.

Springfield ilikuwa na dharura asilimia 20 na ikaelemewa. Sisi tuna asilimia 57, na bado asubuhi tunabandika orodha ukutani kana kwamba siku nzima ni yetu. Orodha hiyo ni ahadi ambayo hospitali inajua haiwezi kuitimiza. Mama mwenye uzazi pingamizi ataletwa kutoka kituo cha afya. Kijana wa bodaboda ataletwa akiwa amelaliwa na pikipiki. Hakuna ajuaye majina yao, lakini wastani wa idadi yao kwa wiki umo kwenye daftari la chumba cha upasuaji, na mtu mwenye kalamu anaweza kuupata kwa jioni moja. Dharura ya mtu mmoja haitabiriki. Dharura za mkoa mzima zinatabirika vizuri kabisa, kama zilivyotabirika simu za Copenhagen.

Anayelipa pengo la ahadi hiyo ni mgonjwa wa mwisho kwenye orodha. Mara nyingi ni mzee mwenye henia au busha, ugonjwa ambao hautamuua leo. Ameambiwa asitie kitu mdomoni tangu saa sita usiku. Saa tatu asubuhi bado yuko kitandani na gauni la upasuaji. Saa saba mchana mdomo umekauka na kichwa kinamgonga. Binti yake aliyeomba ruhusa kazini amekaa kwenye benchi la koridoni na begi la nguo. Saa kumi anakuja nesi.

"Baba, leo imeshindikana. Zimeingia dharura mbili."

"Sasa naruhusiwa kula?"

"Kula tu baba. Tutakuweka Alhamisi."

Alhamisi atafunga tena. Miongozo ya wataalamu wa usingizi inataka muda wa saa sita tu bila chakula kabla ya kupewa nusukaputi, na saa mbili tu bila maji. Mtu atakayepasuliwa saa nane mchana angeweza kunywa uji alfajiri saa kumi na moja na kunywa maji hadi saa sita mchana. Anafungishwa usiku kucha na mchana kutwa kwa sababu hakuna anayejua zamu yake itafika lini, na katika hali hiyo usalama ni kuwafungisha wote. Kwa hiyo njaa ya mzee yule imetokana na namna orodha ilivyopangwa.

Kusubiri kunakoletwa na mpangilio kulichunguzwa zamani. Mwaka 1952 mtakwimu Mwingereza Norman Bailey alichapisha uchunguzi wake kuhusu foleni za kliniki za wagonjwa wa nje nchini kwake. Aliona kliniki zilivyopangwa ili daktari asikose mgonjwa hata dakika moja, na wagonjwa wakarundikana mlangoni kuihakikishia hospitali kwamba dakika hiyo haitapotea. Alipendekeza waitwe wawili kliniki inapofunguliwa, kisha wengine mmoja mmoja kwa kuachana muda unaolingana na wastani wa kumwona mgonjwa mmoja. Daktari angekaa bila kazi muda mfupi tu, na saa nyingi za wagonjwa zingeokolewa. Imepita zaidi ya miaka 70, na karatasi ya miadi katika hospitali zetu nyingi bado inawaandikia wote saa ileile: saa moja na nusu asubuhi.

Ujazo ni nusu ya maelezo. Nusu ya pili ni kupanda na kushuka kwa kazi. Mwaka 1961 John Kingman, Mwingereza mwingine, alionyesha kwamba muda wa kusubiri unakuzwa na mambo mawili yanayozidishana: jinsi chumba kilivyojaa, na jinsi kazi inavyopishana, yaani wagonjwa kuja kwa makundi na operesheni kutofautiana urefu. Ukiweza kupunguza kupishana huko, foleni inapungua bila kuongeza chumba wala daktari. Katika mfano wetu wa saa mbili, kama kila operesheni ingechukua saa mbili kamili, muda wa kusubiri ungepungua kwa nusu.

Eugene Litvak, mtaalamu aliyehamia Marekani kutoka Umoja wa Kisoveti na kufanya kazi Chuo Kikuu cha Boston, aliuliza kupishana huko kunatoka wapi. Kila mtu angejibu kwamba kunatokana na ajali na magonjwa ya ghafla. Alipochambua takwimu za hospitali alikuta kwamba mara nyingi idadi ya wagonjwa waliopangiwa tarehe ndiyo iliyopanda na kushuka zaidi kutoka siku hadi siku, kupita hata dharura. Kazi ya Mungu ilikuwa na utulivu kuliko kazi ya ofisi. Sababu zilikuwa za kawaida: daktari huyu anapenda Jumanne, yule hataki Ijumaa ili asiwe na mgonjwa wodini Jumapili, na wote wawili wanataka asubuhi. Katikati ya wiki chumba cha wagonjwa mahututi kinafurika, operesheni zinaahirishwa kwa kukosa kitanda, na mwisho wa wiki vitanda vilevile viko wazi.

Nadhani hapa ndipo uongozi wa hospitali zetu unapoweza kufanya mengi bila kusubiri bajeti ya mtu. Siku ya upasuaji wa mifupa na siku ya upasuaji wa kawaida zilipangwa zamani, na aghalabu hakuna anayekumbuka kwa nini. Madaktari wengi hugawa wiki yao kati ya hospitali ya umma asubuhi na kliniki binafsi jioni. Siwalaumu kwa kutafuta riziki, lakini ratiba ya chumba cha upasuaji haiwezi kuendelea kujengwa juu ya ratiba za watu binafsi halafu tukashangaa Jumatano kuna msongamano na Ijumaa kuna vumbi.

Ukiacha ratiba, chumba chenyewe hakipasui mtu. Operesheni moja inataka daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi, muuguzi wa thieta, seti ya vifaa iliyotakaswa, damu iliyo tayari, na kitanda cha kumpokea mgonjwa akitoka. Tuseme kila kimoja kati ya hivyo sita kinapatikana asilimia 95 ya wakati, kiwango ambacho hospitali nyingi zingekishangilia. Kama kukosekana kwa kimoja hakutegemei kukosekana kwa kingine, vyote sita vinakutana kwa pamoja asilimia 73.5 tu ya wakati. Zaidi ya mara moja katika kila mara nne kitu fulani kitakosekana na operesheni haitaanza, ingawa kila idara ikiulizwa peke yake itasema, kwa haki kabisa, kwamba yenyewe haina tatizo.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona jengo jipya la upasuaji likizinduliwa kwa utepe na picha, bila mtu kuuliza kuhusu mtaalamu wa usingizi. Utafiti ule wa nchi 25 ulikuta wataalamu wa upasuaji, usingizi na uzazi 0.7 kwa kila watu 100,000. Tume ya Lancet ya mwaka 2015 ilitaka angalau 20. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kuandika mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na huduma za usingizi, uliozinduliwa mwaka 2018, na mpango ule uliweka watumishi na majengo katika hesabu moja. Penye vyumba vitatu na mtaalamu mmoja wa usingizi, hospitali ina chumba kimoja cha upasuaji na stoo mbili. Chumba cha nne hakitaongeza hata operesheni moja.

Hapo hapo pana uzembe ambao hautaki fedha nyingi kuurekebisha: foleni kugawanywa bila sababu. Katika hospitali nyingi kila bingwa ana daftari lake na siku zake. Mgonjwa wa henia aliyeangukia kwenye daftari la daktari mwenye wagonjwa wengi atasubiri miezi, na mwenzake aliyefika wiki moja baadaye akaangukia kwa daktari mwingine atapasuliwa kabla yake. Benki zililiona hili zamani, ndiyo maana leo wateja hupanga mstari mmoja na kwenda dirisha lolote linalofunguka. Kwa vyumba viwili, kila kimoja kikiwa na foleni yake na kikitumika asilimia 90 ya muda, mgonjwa anasubiri zile saa 18 tulizoziona. Foleni hizo mbili zikiunganishwa, vyumba na ujazo vikibaki vilevile, anasubiri saa 8 na nusu. Henia ya kawaida, busha, kovu lililofunguka: haya ni magonjwa ambayo daktari yeyote mwenye sifa anaweza kuyashughulikia, na mgonjwa anayetaka kumsubiri bingwa fulani aruhusiwe kusubiri kwa hiari yake.

Nisije nikaonekana nauza dawa ya kila kitu: wataalamu wenyewe hawakubaliani namna ya kuacha nafasi hiyo wazi. Watafiti wa hospitali ya Erasmus mjini Rotterdam, Uholanzi, walilinganisha kwa kompyuta njia mbili. Ya kwanza ni ya Springfield, kutenga vyumba vya dharura. Ya pili ni kutotenga chumba, bali kuacha kipande cha muda wazi katika kila chumba, ili dharura iingie popote operesheni inapomalizika. Kwao njia ya pili ilishinda kwa mbali: mgonjwa wa dharura aliyekuwa akisubiri wastani wa dakika 74 alisubiri dakika 8. Wenye vyumba vingi wana kila dakika chache mlango unaofunguka mahali fulani. Hospitali ya wilaya yenye vyumba viwili haina hilo, na pengine kwake jibu ni kuweka orodha ya asubuhi tu na kuiacha alasiri ya chumba kimoja bila jina. Hospitali kubwa za rufaa zifanye hesabu zao wenyewe kwa madaftari yao. Lakini Springfield na Rotterdam zinakubaliana kwamba nafasi ya dharura lazima iwepo kabla dharura haijafika.

Na kuna foleni ambazo hesabu haiwezi kuzipunguza. Wagonjwa wakiingia kwenye orodha 12 kwa wiki na hospitali ina uwezo wa kupasua 10, orodha itarefuka mwaka hadi mwaka, uipange utakavyo. Hapo wa kuulizwa ni Hazina na Wizara. Ninachokipenda katika nadharia hii ni kwamba inatuwezesha kutofautisha foleni hiyo inayorefuka na ile iliyosimama pale pale, na kuziponya kwa dawa tofauti.

Mwaka 1961, uleule wa kazi ya Kingman, John Little wa Marekani alithibitisha kanuni ambayo mtoto wa shule anaweza kuitumia: idadi ya watu walio kwenye foleni ni sawa na idadi wanaoingia kwa wiki ukizidisha kwa wiki ambazo kila mmoja anasubiri. Orodha ikiwa na majina 120 na kila wiki yanaongezwa 10, mtu anasubiri wiki 12. Sasa fikiria orodha hiyo ilikuwa na majina 120 mwaka juzi, 120 mwaka jana, na 120 leo. Maana yake ni kwamba hospitali inapasua 10 kwa wiki, sawasawa na wanaoingia. Uwezo unatosha. Zile wiki 12 ni deni la zamani ambalo halijawahi kulipwa, na kila mgonjwa mpya analirithi anapoandikishwa. Deni kama hilo linaweza kufutwa kwa kambi moja kubwa ya upasuaji, Jumamosi kadhaa za kazi ya ziada, kisha watu wakasubiri wiki moja au mbili kwa miaka inayofuata, mradi nafasi ya dharura ilindwe.

Lakini kama orodha ilikuwa 60, ikawa 90, sasa ni 120, kambi itaipunguza kwa msimu mmoja tu. Tunatumia fedha na jasho jingi kuwapeleka madaktari bingwa wilayani kwa kambi, na nina heshima kubwa kwa kazi hiyo. Ningeiheshimu zaidi kama kabla ya kila kambi hospitali mwenyeji ingeulizwa orodha yake ilikuwa na majina mangapi miezi 12 iliyopita. Na jibu lichunguzwe vizuri, kwa kuwa orodha inaweza kusimama kwa sababu mbaya pia. Watu hufa wakisubiri, huuza shamba na kwenda hospitali binafsi, hurudi kijijini na henia yao wakakata tamaa. Majina yao yakifutwa kimyakimya, foleni inaonekana imetulia. Kila jina linalotoka kwenye orodha liandikwe limetokaje.

Limebaki suala zito kuliko yote, nalo ni la kurukana. Leonard Kleinrock, ambaye hesabu zake za foleni zilisaidia kuanzishwa kwa intaneti, alionyesha mwaka 1965 kwamba katika foleni ya mhudumu mmoja asiyekaa bure, kubadili tu mpangilio wa nani atangulie hakupunguzi jumla ya kusubiri, kila mmoja akipimwa kwa uzito wa kazi yake. Muda uliompunguzia mmoja unawaongezea wengine. Ukimtanguliza mama anayevuja damu, wengine wote wanalipa, na ni haki walipe. Ukimtanguliza shemeji wa mkurugenzi, wanalipa vilevile, hadi yule mzee wa Alhamisi.

Kwa hiyo naiogopea nafasi hii ninayoipigania. Chumba kilichoachwa wazi saa nne asubuhi kitaonekana na kila mwenye simu ya mkubwa. Ndani ya mwezi mmoja kinaweza kugeuka mlango wa nyuma wa wanaojuana, na dharura zikarudi kuwasukuma wenye tarehe kama kawaida. Kanuni za chumba hicho zinapaswa kuandikwa na kubandikwa kabla hakijaanza kazi: nani wa zamu ana mamlaka ya kuruhusu mgonjwa aingizwe, na kwa hali zipi, kama uzazi pingamizi, damu inayovujia tumboni, utumbo uliojisokota au kutoboka, mfupa uliotoboa ngozi. Kila aliyeingia aandikiwe saa aliyofika hospitalini, saa uamuzi ulipofanywa na saa kisu kilipoanza. Daftari hilo lisomwe mbele ya bodi ya hospitali kila mwezi, mistari yote, na siku litakapokutwa na henia ya kawaida iliyopasuliwa saa nne asubuhi, mganga mfawidhi aulizwe hapohapo ni nani aliyepiga simu.